Nilichoma meza ya mathe nikiunga betri za ndege

KAMA wewe ni wa kufungua kila kifaa nyumbani, hii ni yako. Niliacha chuo karo ilipokosekana, nikabaki na ndege ndogo ya umeme niliyojiundia, mota yake nikiitoa Luthuli Avenue. Shida moja tu: betri ilikata moto baada ya dakika nane.

Nikaamua kuunga mbili. Hapo ndipo iliumana.

Seli moja ya betri hizi za lithiamu ni volti 3.7. Yenye seli tatu ni volti 11.1, na ikijaa hufika 12.6. Ukiunga mbili kwa foleni, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, volti hujumlika: 22.2. Mota yangu ingeungua. Ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, volti hubaki 11.1 ila ujazo huongezeka: 2200mAh mara mbili, 4400mAh. Hiyo ndiyo nilitaka.

Kosa langu? Moja ilikuwa imejaa, nyingine imeisha. Nilipogusanisha plagi tu, iliyojaa ikaimwagia mwenzake umeme kwa mpigo. Waya ziliyeyuka, moshi ukatanda sebuleni, meza ikabaki na kovu jeusi. Mathe hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na kama ningekuwa nimelala?"

Swali hilo halijanitoka.

Siku hizi siungi kabla ya kupima. Betri ziwe na idadi sawa ya seli, ujazo sawa na umri sawa. Volti zikitofautiana zaidi ya 0.1 kwa kila seli, naacha. Natumia chaja inayosawazisha seli, kila moja iishie 4.2. Betri ya 2200mAh naichaji kwa ampea 2.2, si zaidi. Nachajia kwenye sakafu ya simiti, mbali na pazia, na sitoki hapo hadi imalize. Iliyovimba hairudi kwa chaja. Nikikaa wiki bila kurusha, naziacha seli kwenye volti 3.8.

Ndege sasa inakaa juu dakika kumi na tatu. Si kumi na sita, maana betri ya pili nayo ni mzigo.

Meza tumeifunika kitambaa. Lakini mathe akisikia chaja ikilia, bado hutoka chumbani kuchungulia. Simlaumu.