Udugu ni Kufaana: Wakusanyaji na Wakarabati wa Matrekta ya Kale ya Bustani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba udugu ni kufaana, si kufanana. Aghalabu methali hii hutolewa pale jamaa wa damu anapomtupa mwenzake, kisha mtu baki akajitokeza kumwauni. Makala haya yanadhamiria kuitazama methali hiyo katika mazingira ambayo huenda msomaji wetu hakuyatarajia: miongoni mwa watu wa Marekani na Uingereza wanaokusanya na kukarabati matrekta madogo ya bustani yaliyoundwa miongo sita au saba iliyopita. Watu hawa hawana nasaba moja wala kazi moja. Mmoja ni mwalimu, mwingine dereva wa lori, mwingine mkulima aliyestaafu. Hata hivyo, wamejenga udugu ambao wengi wa jamaa wa damu wangeutamani.

Swali tunalolenga kulijibu ni hili: ni kitu gani hasa kinachowaunganisha? Maoni yetu ni kwamba kinachowaunganisha si mapenzi ya chuma pekee, bali ni uhaba. Hakuna hata mmoja wao awezaye kuikamilisha kazi yake peke yake. Ili kulithibitisha dai hili, tutaeleza kwanza trekta la bustani ni chombo gani, kisha tuangalie jinsi linavyokarabatiwa, na hatimaye tujadili udugu wenyewe pamoja na mambo yanayoutishia.

Trekta la Bustani ni Chombo Gani?

Mkenya anapolisikia neno trekta, taswira inayomjia akilini ni ile ya mitambo mikubwa inayolima mashamba ya ngano na mahindi kule Uasin Gishu na Trans Nzoia. Trekta la bustani ni dogo mno likilinganishwa na hayo. Injini yake aghalabu huwa ya silinda moja, na nguvu zake hukadiriwa kuwa kati ya nguvu za farasi 7 na 20 hivi. Hata hivyo, itakuwa kosa kulichukulia kuwa mashine ya kukatia nyasi tu. Fremu yake ni ya chuma kizito, gia zake ni imara, na linaweza kufungwa plau, tela, au bamba la kusukumia theluji wakati wa kipupwe.

Kuenea kwa matrekta haya nchini Marekani kulitokana na mabadiliko ya kijamii baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Familia nyingi zilihamia vitongoji vya miji na kujenga nyumba zenye viwanja vipana. Viwanja hivyo vilikuwa vikubwa mno kwa jembe la mkono na vidogo mno kwa trekta la shambani. Kampuni kadhaa ziliitambua haja hiyo. Mnamo mwaka wa 1946, Elmer Pond alianzisha mjini South Bend, jimboni Indiana, biashara iliyokuja kujulikana kwa jina la Wheel Horse. Kampuni ya International Harvester ilitoa trekta lake la Cub Cadet mwaka wa 1961, likiwa na injini ya Kohler yenye nguvu za farasi 7. Zaidi ya 60,000 ya toleo hilo la kwanza yaliundwa kufikia mwaka wa 1963. Mwaka huohuo wa 1963, John Deere nayo ikaingia sokoni na trekta lake la 110.

Kwa upande wa Uingereza, historia hii ina mkondo wake. Huko mashine nyingi zilikuwa za kutembea nyuma yake, mkulima akiishikilia mikono yake miwili kama anavyoshikilia plau ya ng'ombe. Kampuni ya Ransomes, Sims & Jefferies ya mjini Ipswich ilileta trekta dogo la minyororo liitwalo MG2 mwaka wa 1936. Hili lilitumiwa hasa na wakulima wa mboga na matunda.

Jina Wheel Horse linastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha. Katika msafara wa farasi wanaovuta gari, jina hilo ni la farasi anayefungwa karibu kabisa na magurudumu. Yeye si wa mbele anayeonekana na kusifiwa, bali ndiye anayeubeba uzito. Kutokana na hali hiyo, Kiingereza kikalitumia neno hilo kwa mtu mchapakazi anayetegemewa na wenzake. Tutaona kwamba sifa hii inawafaa wenye matrekta sawasawa na matrekta yenyewe.

Kutoka Ukuukuu hadi Ukale

Kiswahili kina maneno mawili yanayotusaidia kuielewa kazi ya wakarabati. Kitu kikuukuu ni kile kilichochakaa na kupoteza thamani kwa kutumika sana. Kitu cha kale, kwa upande mwingine, ni kile ambacho umri wake ndio unaokipa heshima. Chombo kilekile kinaweza kuitwa kwa sifa ya kwanza leo na kwa sifa ya pili kesho. Kinachokivusha kutoka upande mmoja hadi mwingine ni mkono wa mwanadamu.

Matrekta mengi ya bustani yaliingia katika hali ya ukuukuu kadiri mashine nyepesi na za bei nafuu zilivyoenea. Kampuni zenyewe zikabadilisha wamiliki: Wheel Horse ilinunuliwa na American Motors mwaka wa 1974, kisha na Toro mwaka wa 1986, Cub Cadet nayo ikauzwa kwa MTD mwaka wa 1981. Matrekta ya zamani yakasukumwa nyuma ya maghala, yakanyeshewa na kuota magugu. Huko ndiko mkarabati anakoyapata.

Kazi yake ya kwanza huwa ni kutambua kama injini inazunguka. Mara nyingi pistoni huwa imeshikana na silinda kwa kutu. Anayeharakisha kuigonga kwa nyundo huivunja. Mwenye hekima hufungua plagi, akamimina mafuta mepesi ya kulegeza kutu ndani ya silinda, akasubiri kwa siku kadhaa, pengine hata majuma. Baada ya hapo kabureta husafishwa, mfumo wa kuzalisha cheche hurekebishwa, na mikanda iliyokauka hubadilishwa.

Kutu ya vyuma vya nje nayo ina dawa yake. Wakarabati wengi huchanganya maji na magadi ya kufulia, ambayo ni kemikali ileile inayopatikana kwa wingi katika magadi ya Ziwa Magadi hapa Kenya. Chuma chenye kutu hutumbukizwa humo na kuunganishwa na upande hasi wa chaji ya betri, na kipande cha chuma kisicho na thamani huunganishwa na upande chanya. Umeme unapopita, kutu hulegea ikabaki ya kusuguliwa kwa brashi. Ipo tahadhari mbili ambazo wazoefu hawachoki kuwakumbusha wageni: kazi hii ifanyiwe mahali penye hewa ya kutosha, kwa maana hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka, na chuma cha pua kisitumiwe kamwe upande ule wa chanya, kwa maana huacha sumu katika maji.

Uhaba kama Chimbuko la Udugu

Hebu tuchukue mfano wa mtu aliyelipata trekta lililokosa gia moja. Kiwanda kilichoitengeneza hakipo. Muuzaji wa vipuri hana habari nayo. Mtu huyu ana njia tatu tu. Ama ampate mwenzake mwenye trekta bovu la aina ileile amgawie, ama amtafute fundi wa kukereza chuma amchongee nyingine, ama alirudishe trekta lake nyuma ya ghala. Njia mbili za mwanzo zote zinapitia kwa mtu mwingine.

Hapa ndipo udugu unapozaliwa. Mwenye kipuri hukitoa, na mara nyingi hudai gharama ya usafirishaji tu. Anafanya hivyo si kwa sababu ni malaika, bali kwa sababu anajua kwamba msimu ujao huenda yeye ndiye atakayekuwa mhitaji. Mwenye mashine ya kukereza huchonga bushi kumi badala ya moja, akijua wapo tisa wengine wanaohangaika. Mwenye kijitabu cha maelezo cha mwaka wa 1962 hukinakili na kukigawa. Hali hii inakaribiana sana na ujima wa jamii zetu, ambapo watu huenda kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho pasi na malipo ya fedha.

Udugu huu una mahali pake pa kukutania. Mjini Mount Pleasant, jimboni Iowa, maonyesho ya mitambo ya kale yamekuwa yakifanyika tangu mwaka wa 1950. Wapo pia wanaokutana majira ya kuchipua au ya vuli kulima shamba moja kwa pamoja, makumi ya matrekta madogo yakifuatana mfuo kwa mfuo. Anayeharibikiwa katikati ya shamba hazomewi. Kabla hajashuka, watu watatu huwa wamekwisha kumfikia, kila mmoja na spana yake.

Fauka ya hayo, kuna utani. Mashabiki wa Wheel Horse hujitambulisha kwa rangi nyekundu, wale wa John Deere kwa kijani, na wale wa Cub Cadet kwa manjano na nyeupe. Hutaniana bila kukoma kuhusu rangi ya nani ndiyo inayofichika upesi kwa kutu. Anayezijua desturi za utani wa makabila ya Afrika Mashariki atatambua mara moja kwamba kejeli hizi ni dalili ya ukaribu. Mtu hamtanii asiyemjali.

Mivutano Iliyomo

Hatuna budi kukiri kwamba udugu huu hauna ukamilifu. Mvutano wa kwanza unahusu rangi. Wapo wanaosisitiza kwamba trekta likikarabatiwa lipakwe rangi mpya hadi ling'ae kama siku lilipotoka kiwandani. Wengine hushikilia kwamba mikwaruzo na rangi iliyofifia ni historia ya chombo, na anayeifuta amefuta ushahidi wa mikono iliyokitumia.

Mvutano wa pili ni mzito zaidi. Wapo wanaonunua matrekta mazima na kuyavunja ili wauze vipuri. Wenye kuwalaumu husema kwamba kila trekta linalovunjwa halitarudi tena. Wenye kuwatetea hujibu kwamba trekta moja likivunjwa, matano hufufuka. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zina ukweli wake, na kigezo kinachofaa ni hali ya chombo chenyewe. Kulivunja trekta ambalo fremu yake imekwisha kuliwa na kutu ni kuwafaa wenzako. Kulivunja lile linaloweza kuzunguka ni kujifaa mwenyewe.

Ujuzi Usioandikwa

Suala linalowakosesha usingizi wazoefu si rangi wala vipuri. Ni umri. Wengi wa wakarabati stadi ni wazee, na sehemu kubwa ya ujuzi wao haimo katika kijitabu chochote. Ni kujua kwa sikio kwamba kabureta inapata mafuta kupita kiasi. Ni kujua kwa kidole kwamba parafujo ikizidishwa robo mzunguko itakatika. Mzee anapofariki, wenzake huenda nyumbani kwake, wakaorodhesha vipuri vyake na kumsaidia mjane asipunjwe na walanguzi. Huo ni wema mkubwa. Lakini kile alichokijua marehemu kwa sikio na kidole hakiorodhesheki.

Kwa sababu hiyo, baadhi yao wamekuwa na desturi ya kumpa kijana trekta lake la kwanza bila malipo, kwa sharti moja: alikarabati mwenyewe, na akikwama aulize. Sharti hilo la kuuliza ndilo lenye thamani kuliko trekta. Kijana anapouliza, mzee hulazimika kuyatafutia maneno mambo ambayo mikono yake imekuwa ikiyafanya kimyakimya kwa miaka hamsini.

Wanafunzi wa Kiswahili wana la kujifunza hapa. Mafundi wa majahazi wa Lamu wana majina ya mbao, viungo na zana ambayo wengi wetu hatujawahi kuyasikia. Istilahi hizo huishi kadiri kazi inavyoishi. Kuzikusanya katika kamusi ni jambo la lazima, lakini haitoshi ikiwa hakuna anayeketi kando ya fundi, akashika msumeno, akauliza.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba usuhuba wa wakarabati wa matrekta ya bustani haukuzuka kwa bahati. Umetokana na chombo ambacho hakiwezi kufufuliwa na mtu mmoja, na ukadumishwa na desturi za kugawana, kukutana na kutaniana. Trekta lenyewe, tukisema kweli, si ghali wala si la fahari, na labda hiyo ndiyo heri yake. Kwa kuwa mtu wa kipato cha kawaida anaweza kulimiliki, hakuna anayelitumia kumtambia mwenzake. Katika msafara huu kila mmoja hupata zamu ya kuwa yule farasi wa karibu na magurudumu, anayeubeba uzito wa wenzake bila kuonekana. Walivyosema wahenga ndivyo ilivyo: udugu ni kufaana.