Kaske ya Kazini na Kaske ya Nyumbani



Siku moja, baada ya zamu ya asubuhi, mtoboaji mwamba mmoja aliingia dispansari. Hakuwa na homa wala kidonda. Mkononi alishika kaske ya muziki, mpya, ingali ndani ya sanduku lake.

«Dokta,» akaniambia, «nimedanganywa sokoni. Wameniuzia kaske mbovu. Gitaa la solo halitoki.»

Nikaivaa kichwani, naye akafungua wimbo wa rumba katika simu yake. Gitaa la solo lilitoka safi, kila uzi peke yake. Nikamwambia: «Papa, gitaa lipo.» Akanitazama, akanyamaza.

Nikamkalisha kitini, mimi nikasimama nyuma yake kwa urefu wa mkono mmoja. Nikamwomba azibe sikio la kushoto kwa kidole, nikamnong'oneza tarakimu na herufi ayarudie. Kisha sikio la kulia. Kila upande alikosa zaidi ya nusu. Kaske haikuwa na ubovu. Papa huyu alitoboa mwamba miaka 19, na miaka ya kwanza alifanya kazi bila kuziba masikio. Gitaa lilikuwa limeondoka polepole, na yeye hakuliona likiondoka.

Kwa sababu ya mgonjwa huyo naandika leo juu ya kaske ya muziki: namna ya kuichagua kwa kusikiliza nyumbani, na namna ya kuitumia bila kumaliza masikio ambayo kazi imekwisha kuyachosha.

NAMNA SIKIO LINAVYOCHOKA

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono. Humo mmejaa maji, na ndani ya maji zimepangwa chembe ndogo zenye vinywele, kama 15.000 kwa kila sikio. Sauti inatikisa maji, maji yanatikisa vinywele, na ujumbe unakwenda kwenye ubongo.

Kelele kubwa inazivunja chembe hizo. Ngozi ikikatwa inaota tena, na mfupa ukivunjika unaunga. Chembe hizi kwa binadamu zikifa hazirudi. Hakuna kidonge, hakuna sindano, hakuna mizizi ya msitu inayozirudisha.

Kelele huanza kula upande wa sauti nyembamba. Kwanza hupotea ndege, saa ya mkononi, mlio wa simu, uzi mwembamba wa gitaa. Halafu hupotea herufi kama s, f na sh katika maneno ya watu. Mgonjwa husema: «Nasikia mnasema, lakini sielewi mnasema nini.» Nyumbani mama anafikiri bwana anamdharau. Watoto wanachoka kurudia. Yeye mwenyewe anaanza kukaa mbali na wenzake. Na shimoni, mtu asiyesikia king'ora au mwito wa mwenzake yuko katika hatari ya kufa.

HESABU YA KELELE

Kelele hupimwa kwa desibeli. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayochunguza afya ya wafanyakazi, inashauri mtu asipite desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu:

Desibeli 88: saa 4.
Desibeli 91: saa 2.
Desibeli 94: saa 1.
Desibeli 97: dakika 30.
Desibeli 100: dakika 15.

Mashini ya kutoboa mwamba inapita desibeli 110. Fanya hesabu mwenyewe: bila vizibo, posho ya siku nzima inakwisha kabla ya dakika 2.

Kuhusu muziki, Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Sikio ni kama mfuko mmoja. Linalotolewa na kompresa mchana na linalotolewa na muziki usiku vinatoka katika mfuko huo huo. Mfanyakazi aliyetumia posho yake shimoni anarudi nyumbani na deni, na kaske ya muziki isitumike kuliongeza.

KASKE YA NAMNA GANI?

Sisi tunatumia neno moja kwa vitu vitatu: kaske ya kulinda kichwa, kaske ya kuzuia kelele, na kaske ya muziki. Zisichanganywe. Kaske ya muziki haizuii kelele ya mashini hata siku moja. Anayeivaa kazini anaongeza kelele juu ya kelele, na tena hasikii hatari inayomjia.

Kwa nyumbani kuna namna mbili kubwa. Ya kwanza imefungwa nyuma: upande wa nje ni ganda zima. Inazuia kidogo sauti za nje na inafungia muziki ndani. Ya pili imefunguliwa nyuma: upande wa nje una wavu au matundu, hewa inapita na sauti inatoka pande zote mbili. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa kaske iliyofunguliwa, HD 414, mwaka 1968, na tangu hapo wengi wanaopenda kusikiliza muziki kwa utulivu wamependa namna hii. Muziki hausikiki kama umefungiwa katikati ya kichwa. Unasikika kama wapigaji wamekaa mbele yako chumbani. Masikio hayapati joto upesi, jambo jema kwetu Kindu penye joto na unyevu wa mto. Na kwa familia kuna faida nyingine: mwenye kuivaa anasikia mtoto akilia, sufuria ikichemka, mtu akibisha hodi.

Sifa ya pili ya kutafuta ni kaske isiyopendelea. Maana yake nini? Mnajua mizani ya kupimia kasiterite. Mizani ya haki haiongezi wala haipunguzi. Kaske isiyopendelea ni hivyo: besi haikuzwi, sauti nyembamba haichongwi, mwimbaji hasukumwi nyuma. Kaske nyingi za sokoni zimetengenezwa zipige besi kama ngoma ya matanga, kwa kuwa mnunuzi anashtuka na kufurahi dakika ya kwanza. Lakini besi nyingi inafunika gitaa na maneno, na msikilizaji anapandisha sauti ili ayapate. Mwenye kaske ya haki anapata kila kitu katika sauti ya chini. Ndiyo maana jambo hili limeingia katika ukurasa wa afya.

Tena rumba yetu inastahili kusikilizwa vizuri. Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika urithi wa binadamu. Ndani yake magitaa yanajibizana: solo, mi-solo, akompanyema na besi. Ukifunika moja umefunika mazungumzo yote.

MTEGO WA GRUPU

Sasa nitasema wazi udhaifu wake. Kaske iliyofunguliwa haizuii kitu. Umeme ukikatika na grupu la jirani likawaka chini ya dirisha, kelele yake inaingia yote. Mtu anafanya nini? Anapandisha muziki mpaka ushinde grupu. Hapo faida yote imegeuka hasara.

Kwa hiyo, kama kwenu grupu halinyamazi, au mnalala wengi chumba kimoja na muziki unaotoka utawaudhi wengine, iliyofungwa nyuma inakufaa zaidi, kwa sauti ya chini. Kama una saa tulivu ya jioni, chagua iliyofunguliwa. Na kama hakuna utulivu kabisa, ngoja. Rumba itakungoja mpaka grupu lizimwe.

KABLA YA KUTOA FRANKA

1. Nenda na wimbo unaoujua kwa moyo. «Indépendance Cha Cha» ya Grand Kallé na African Jazz, ya mwaka 1960, inafaa sana: tafuta gitaa la Docteur Nico, besi, na kila sauti ya waimbaji. Kwa kuwa sahani ni ya zamani, kaske ya haki haitaficha mikwaruzo yake. Hilo si kosa la kaske.

2. Weka sauti chini, si juu. Kwa sauti kubwa kila kaske inaonekana nzuri. Kwa sauti ya chini ndipo ya uongo inajulikana.

3. Wakati wimbo unapigwa, funika pande za nje kwa viganja vyote viwili. Sauti ikibadilika, imefunguliwa kweli. Isipobadilika, matundu yale ni pambo tu.

4. Soma namba ya ohm. Karibu na 32 au 60, simu inaiendesha bila taabu. Sennheiser HD 600 ya mwaka 1997 ina sifa kubwa, lakini ina ohm 300: simu peke yake haitoshi, itadai mashini ya kuongeza nguvu. Koss Porta Pro ya Marekani, iliyoanza mwaka 1984, ina ohm 60, ni nyepesi na imefunguliwa, ingawa besi yake imeongezwa kidogo.

5. Tazama kama simu yako ina tundu la waya. Nyingi za siku hizi hazina, na itabidi ununue kiungo chake.

6. Ivae dakika 10. Ikibana mataya au kuumiza sikio, iache. Tazama pia kama sponji zinatoka, ili uweze kuzisafisha na kuzibadili.

7. Jina kubwa kwa bei ndogo mno, kuwa na shaka.

NA UKIISHA KUINUNUA

Usipandishe simu kupita 60 kwa 100. Watu husema: jirani akisikia muziki wako, umepita kiasi. Kwa kaske iliyofunguliwa kipimo hicho hakifai, maana jirani atasikia hata ukiwa chini. Tumia kipimo hiki: mtu aliye umbali wa mkono mmoja akisema nawe kwa sauti ya kawaida, umwelewe. Usipomwelewa, punguza.

Baada ya zamu ya kelele, masikio yapate kimya kwanza. Kama yanavuma au yanaonekana yamezibwa, jioni hiyo hakuna muziki wa kaske.

Mgonjwa anayetumia kinini kwa malaria anajua mvumo ule wa masikio. Mara nyingi unakwisha dawa ikikwisha, lakini lazima umwambie munganga. Dawa kama gentamisini na streptomisini zinaweza kuua zile chembe kabisa. Usijipige sindano hizo kwa ushauri wa muuza dawa wa barabarani.

Usiingize kijiti cha kiberiti, unyoya wala funguo sikioni. Usivae kaske ya mwenye sikio linalotoka usaha. Futa sponji kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na uziache zikauke.

Mwisho, neno kwa wale waliokwisha kupoteza kidogo. Ukivaa kaske nzuri na kuona muziki umekufa, hauna makali, usikimbilie kupandisha sauti, wala usimpige muuzaji. Mpe mwanao kaske hiyo hiyo, muulize anasikia nini. Kama yeye anasikia gitaa na wewe husikii, njoo dispansari kesho yake.

Yule papa nilimwandikia karatasi ya kwenda kwa munganga wa masikio. Hakupewa dawa ya kurudisha gitaa, kwa kuwa haipo. Lakini sasa anavaa vizibo kuanzia mlango wa shimo mpaka anapotoka, na vijana wa timu yake anawakagua yeye mwenyewe kabla mashini haijawashwa. Kaske aliibakiza. Jioni binti yake anaweka sauti, yeye haruhusiwi kugusa. Wanasikiliza kwa zamu, na gitaa la solo likiingia, binti anainua kidole kumwonyesha.

Ninyi ambao bado mnalisikia wenyewe, lindeni masikio yenu.

Munganga msaidizi, dispansari ya kampuni, Kindu