Kabla hujaifuata video ya mateke, tazama miguu ya mwalimu

Mpwa wangu alikuja nyumbani Ijumaa moja baada ya Alasiri, akichechemea. Nilipomuuliza, akanambia, "Mjomba, mimi nilifuata video tu." Teke la mzunguko alilopiga kwenye gunia halikuwa na kasoro juu. Kosa lilikuwa chini: mguu aliosimamia aliukaza palepale, mwili ukageuka, goti likapindika. Alikaa wiki sita bila mazoezi.

Tangu hapo vijana wa mtaani huniletea simu zao wakiniuliza, "Na hii je?" Mimi si bingwa, ila nimecheza karate na kikiboksi tangu ujana. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza, jua video ni ya mchezo upi. Muay Thai, asili yake Thailand, huruhusu ngumi, mateke, magoti na viwiko. Sheria za K-1, mashindano yaliyoanza Japani mwaka 1993, haziruhusu viwiko. Kuna na kikiboksi ambayo teke halali ni la juu ya kiuno tu. Ukimpiga mwenzako pajani, umekosa. Basi kijana akijizoeza viwiko miezi mitatu, kisha aingie ulingoni kwa sheria za K-1, mazoea yake yatamponza mbele ya refa. Muulize kocha wako mnacheza kwa sheria zipi, ndipo utafute video.

Pili, mtazame mwalimu miguu kabla ya kusikiliza maneno yake. Video nzuri huonyesha mwili mzima, polepole, kwa mbele na kwa ubavuni. Katika teke la mzunguko, mwalimu wa kweli atakwambia mguu wa kusimamia ugeuke mpaka kisigino kielekee kule unakopiga, na mkono mmoja ubaki kulinda kidevu. Atakuonyesha pia makosa ya wanafunzi na namna ya kuyasahihisha. Angalia vilevile kama anatanguliza mguu wa kushoto au wa kulia. Akiwa kinyume chako, utageuza kila kitu.

Tatu, video za watu kuangushwa kwa pigo moja, na muziki juu, ni tamasha. Hazina somo. Na ukiona wanafunzi wapya wanapigana kwa nguvu zote, bila kinga ya meno wala kofia, iache. Msuli hukomaa kwa mazoezi, lakini ubongo haukomai kwa kupigwa.

Nne, usimeze video ishirini kwa usiku mmoja ukamaliza bando bure. Chagua mwalimu mmoja, pigo moja, ulirudie wiki mbili. Papo kwa papo, kamba hukata jiwe. Kisha mwambie mwenzio akurekodi, ulinganishe, umpelekee kocha. Hapa ndipo penye siri: wewe waiona video, lakini video haikuoni. Haikujua kama goti lako liliumia mwaka jana, wala haitakwambia "simama" unapokosea. Hiyo ni kazi ya mtu aliyesimama mbele yako.

Mpwa wangu amerudi mazoezini, safari hii chini ya kocha. Video bado atazama. Juzi alinitumia moja, na chini yake ameandika: "Mjomba, huyu miguu yake yaonekana."