Kompyuta Ndogo ya Mezani: Pima Kazi Kabla ya Kununua

Kompyuta ya mezani siku hizi si lazima iwe kasha kubwa. Zipo zilizo ndogo kama kitabu kinene, ambazo ofisi nyingi za ng'ambo huzitumia miaka michache kisha huziuza. Kwa wakaao chumba kimoja mtaani Nyamityobora, mjini Mbarara, au kwa familia ya askari iwezayo kupata uhamisho wakati wowote, chombo hiki kinavutia: hutiwa mkobani, wala hakidai nafasi.

Mvuto mkubwa zaidi ni umeme. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyoanzishwa mwaka 1958, nyumba nyingi hutegemea umeme wa jua. Tuseme ipo betri ya volti 12 na ampea 100 kwa saa, nayo yatumika nusu tu ili idumu. Kompyuta ndogo katika kazi ya kuandika hutumia wati 15 hivi, na skrini yake wati 20. Hata kiasi kikipotea katika inverta, mtoto aweza kusoma saa 14. Kasha kubwa la wati 80, kwa skrini hiyo hiyo, litaimaliza akiba hiyo katika saa 5.

Hata hivyo, udogo una masharti yake. Kwa kawaida ndani hamna nafasi ya kadi kubwa ya picha, hivyo kuhariri filamu huwa kazi ya kusuasua. Feni ni ndogo, na vumbi la kiangazi huiziba upesi. Joto likizidi, kompyuta hupunguza mwendo. Adapta iko nje, nayo ikiungua usichomeke yoyote uionayo: volti, nguvu na ncha lazima vilingane. Tena, tofauti na kompyuta ya mapajani, hii haina betri. Umeme ukikatika, kazi isiyohifadhiwa hupotea.

Basi mwambie muuzaji aiwashe mbele yako kwa nusu saa, akuonyeshe kama kumbukumbu yaweza kuongezwa, na akupe adapta yake halisi. Nyumbani, iweke mbali na jiko, na uisafishe kwa brashi laini ikiwa imezimwa.

Kwa barua, hesabu za duka na masomo ya watoto, ndogo yatosha. Atakaye kufungua studio ya filamu na anunue kasha kubwa, kwani mshahara ukishatumika vibaya haurudi mfukoni.