Karau wa Bara, Homgadi wa Delta

Wasee, kama ushawai kaa chini ukacheki Crime and Justice, ile siris ya Showmax ya 2021, unajua form. Sarah Hassan ni Makena, Alfred Munyua ni Silas, masanse wawili wa Nairobi, hawafanani hata kidogo, lakini kesi ikiwaka lazima waskizane. Mimi nilipenda hiyo kitu vibaya sana. Tumelelewa na Jackie Chan akitafsiriwa na DJ Afro kwa Kiswahili cha mtaa, so kuona makarau wa kikwetu wawili wakipasua kesi za kikwetu ilikua imefika.

Sa, Garsen kwetu Tana Delta si Kanairo. Ukitoka Malindi unafika Minjila, barabara inagawanyika: huku Lamu, huku Hola na Garissa. Nduthi zimejaa stage, malori yamebeba maembe na ng'ombe, jua linachoma, na pembeni ni Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, ukielekea bahari pale Kipini. Kesi za huku hazianzi na mwili kwa lifti ya ghorofa. Zinaanza na mathee wa Kipokomo analia mpunga wake umelishwa usiku, ama mzee wa Kiorma amehesabu ng'ombe mangware akapata pengo. Na wenye hupasua hizo kesi pia huwa wawili, na hawafanani kuliko hata Makena na Silas.

Wa kwanza ni karau. Mara mob ametoka bara, akapita chuo cha Kiganjo kule Nyeri, akapewa barua ya kuja Tana River na roho ikamruka. Kipokomo hajui, Kiorma hajui, joto linampika, na mbu wa delta hawana huruma na mgeni. Lakini usimchukulie poa. Huyo msee anajua kuandika statement. Anajua kitabu cha OB. Anajua ushahidi ukishikwa vibaya, korti ya Garsen itaachilia gondi hata kama kijiji kizima kilimuona akihepa. Ako na ndeng'a ya serikali, redio, na sheria nyuma yake.

Wa pili ni homgadi, yule serikali inaita polisi wa akiba. Kikosi chao kilianza 1948, enzi za mkoloni, na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 bado inawatambua. Ni mboka ya kujitolea. Mwisho wa mwezi ukifika, karau anaenda kutoa salo, homgadi mara mob anaenda kuangalia shamba lake ama ng'ombe wake. Tuseme ukweli, hiyo ni dhuluma, juu huyu ndiye macho ya kesi yote.

Cheki venye wanafanya kazi. Ng'ombe wamebebwa usiku. Karau akifika anaona tope na nyasi zimelala. Homgadi anaona story imeandikwa chini. Kwato zimezama sana, basi walikua wanakimbizwa, hawakua wanajilisha. Ukingo wa hii alama umekauka, basi wamepita kitambo. Hapa kuna nyayo za watu watatu, mmoja anaburuta mguu. Akiuliza rangi ya ng'ombe na alama ya sikio, mwenye mifugo wa Kiorma anamjibu mmoja mmoja kama anataja watoto wake, na homgadi anakaa na hiyo picha kichwani. Halafu kuna malka, zile njia za kushusha mifugo mtoni. Gondi yeyote mwenye ng'ombe lazima anyweshe mahali, na homgadi anajua malka gani iko wazi, gani imezibwa na shamba, gani mto umeimeza tangu mafuriko. Karau peke yake angezunguka na gari hadi mafuta iishe.

Afu wakifika kwa shahidi, kazi inageuka. Nyanya anabonga Kiorma, homgadi anageuza kwa Kiswahili, karau anaandika. Ni hapa ndio utajua kama hao wawili wanaheshimiana ama wanavumiliana tu. Karau mwenye haraka anaandika jibu nusu. Karau mwenye akili anauliza, "Mzee, hilo neno alisema mara mbili, alimaanisha nini?" Na homgadi mwaminifu anajibu hata kama jibu linaangukia binamu yake. Hiyo ya mwisho ndio ngumu zaidi. Mgeni hana binamu hapa, ndio maana tunamhitaji pia.

Hizi vitu siandiki nikiwa mbali. Sisi wa Delta tulilipa bei kubwa sana 2012, Wapokomo na Waorma walipogeukiana. Tarehe 22 Agosti mwaka huo, kijiji cha Riketa kilivamiwa, watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wamama na watoto. Tarehe 10 Septemba ikawa Kilelengwani, watu 38, na ndani ya hao makarau 9. Rais Kibaki akatangaza kafyu, magari ya GSU yakamwagwa. Na bado tarehe 21 Desemba Kipao ikachomwa, karibu watu 40 wakaenda. Na hapo tume chini ya Jaji Grace Nzioka ilikua ishaundwa kuchunguza. Human Rights Watch wakatoa ripoti Februari 2013, wakasema serikali ilikua na habari mapema kwamba mambo yanachemka na haikufanya ya kutosha.

Soma hiyo tena pole pole. Habari ilikuwepo. Wazee wa Gasa wa Kipokomo na wazee wa Matadeda wa Kiorma wanajua upepo ukigeuka. Wachungaji wanajua, wavuvi wanajua, vijana wa stage wanajua. Kitu haikuwepo ni mtu wa kuchukua hiyo habari kutoka mdomoni mwa mzee hadi mkononi mwa afande mwenye nguvu ya kutuma gari, na afande aiamini. Nguvu zilikuja baadaye, zikiwa kubwa, zikiwa hazijui kijiji kiko wapi. Wale makarau 9 wa Kilelengwani walikua watoto wa watu pia, wengine wamezaliwa mbali sana na huu mto. Kila nikifikiria hiyo siku, nafikiria vile wangeishi kama mtu wa karibu angeskizwa.

2014 tukaonjeshwa nyingine. Usiku wa Julai, wiki chache baada ya shambulio la Mpeketoni, stesheni ya Gamba, barabara ya kwenda Witu, ilivamiwa na washukiwa wakatolewa sero. Pamoja na shambulio la Hindi usiku uo huo, watu zaidi ya 20 walikufa. Tangu wakati huo mabasi ya Lamu yamezoea kusubiri eskoti, na lami ya Garsen hadi Lamu ilivyokuja haikuondoa hiyo tabia.

Septemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ndoa nyingine ya watu wasiofanana: AP, polisi wa utawala, zaidi ya 24,000 kuhamia Kenya Police, na unifomu mpya ya bluu. Kabla hapo, AP alikua yule anakaa karibu na chifu, anajulikana na kila mama wa soko, na karau wa stesheni ni yule wa kukushika. Kwa karatasi ilikua fiti, bosi mmoja, kazi moja. Lakini kwa sehemu kama yetu, AP aliyekaa kijijini alikua amejifunza majina ya watu, na hiyo elimu haitolewi Kiganjo wala Embakasi. Ukimhamisha, inaondoka naye. Mimi naona hapo tulipoteza kitu, na hakuna rangi ya shati inaweza kuirudisha.

Ndio maana nasema hii kitu na roho yangu yote: Delta inahitaji mapacha wa makusudi. Boi wa Kipokomo na boi wa Kiorma, doria moja, gari moja, kesi moja, na karau wa bara kati yao wa kuandika na wa kushuhudia kortini. Na madem pia, juu wamama wa Riketa wangeambia nani vitu zao, mwanaume mgeni mwenye bunduki? Huyo wa Kipokomo ataingia manyatta ya Kiorma akiwa na mtu wa kumuombea chai. Huyo wa Kiorma atasimama shambani kwa mathee akisema, "Mama, ng'ombe walikua wa upande wetu, tutawafuata." Siku mathee ataamini hiyo sentensi, nusu ya kesi imeisha.

Vijana wa huku wengi huona ukarau ni mboka ya watu wa bara. Wanabaki base, wanatafuna veve, wanaongea venye hawa wageni hawatuelewi. Ni kweli hawatuelewi. Lakini kila usajili ukitangazwa, wale wa mbali wanakimbia uwanjani na sisi tunapiga picha.

So hii ni ya wewe msee wa Ngao, wa Tarasaa, wa Idsowe, wa Kipao, wa Garsen tao. Kama uko na kitambulisho, uko kati ya 18 na 28, na D+ yako ya KCSE iko ndani ya bahasha, usajili ukija jitokeze. Usiende peke yako. Mpigie yule mlicheza naye ndimu kabla ya 2012 na hamjaongea vizuri tangu hapo, mwambie mkutane uwanjani asubuhi. Na nyinyi wakubwa wa polisi, mkiwapata hao wawili, msimtume mmoja Turkana na mwingine Busia. Wapeni Garsen, na mumlipe yule homgadi.