Paja likivunjika: Kuvutwa mguu au kutiwa chuma?

MKAZI wa Sori, mji wa wavuvi ulio ukingoni mwa Ziwa Victoria katika Kaunti ya Migori, anapovunjika paja katika ajali ya bodaboda, hutibiwa kwa mojawapo ya njia mbili: kuvutwa mguu kwa uzani kitandani, au kupasuliwa na kutiwa chuma ndani ya mfupa.

Njia ya kwanza haihitaji kisu, lakini humlaza mgonjwa kwa wiki sita au zaidi. Muda huo aweza kupata vidonda vya mgongo, damu kuganda mishipani, na mfupa kuunga ukiwa umepinda. Kwa mvuvi, hizo pia ni wiki za njaa nyumbani.

Chuma humwezesha kusimama kwa magongo mapema. Shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka wa 1999 na Dkt Lewis Zirkle, lilibuni chuma kinachotiwa bila mashine ya eksirei chumbani mwa upasuaji, kifaa ambacho hospitali nyingi za mashambani hazina.

Hata hivyo, chuma nacho kina hatari. Kubwa zaidi ni viini kuingia mfupani, hasa iwapo mfupa ulitoboa ngozi. Ndiposa jeraha la aina hiyo hupaswa kuoshwa vyema hospitalini na mgonjwa kupewa antibiotiki mapema.

Akiona usaha au homa, au maumivu yakizidi, arudi hospitalini mara moja. Aidha, kupona kwa ngozi si ithibati kwamba mfupa umeunga: paja huhitaji miezi kadhaa.