Tanpura: ala isiyopiga wimbo

Kwenye onyesho la uimbaji wa Kihindustani, yaani wa muziki wa jadi wa kaskazini mwa India, nyuma ya mwimbaji huketi mtu asiyesema neno, mara nyingi mwanafunzi wake, amesimamisha ala yenye shingo ndefu na tumbo la kibuyu. Kidole cha kati kinagusa uzi wa kwanza, cha shahada kinapitia mitatu iliyobaki, kisha anaanza tena. Ataendelea hivyo hivyo hadi raga, yaani mpangilio wa noti unaoongoza wimbo, iishe, hata saa nzima. Ala hiyo ni tanpura. Haipigi wimbo wowote, na mkono wa kushoto haubani uzi hata mara moja.

Nyuzi kwa kawaida ni nne. Mbili za katikati hutoa Sa, noti ambayo mwimbaji huanzia na kurejea. Wa mwisho, ulio mnene, hutoa Sa ya oktava ya chini. Wa kwanza hufuata raga. Mara nyingi huwa Pa, noti ya tano, lakini raga ya Malkauns haina Pa, hivyo hushushwa hadi Ma, noti ya nne. Kimo cha Sa chenyewe huamuliwa na koo la mwimbaji, ndiyo maana tanpura za wanaume huwa kubwa kuliko za wanawake.

Uhondo wenyewe uko kwenye daraja. Katika gitaa, uzi hukomea kwenye ukingo mwembamba. Daraja la tanpura ni pana, na uso wake umechongwa mteremko mdogo mno ambao uzi wa chuma huugusagusa kila unapotikisika. Hapo mpigaji hupenyeza kijiuzi cha pamba chini ya kila uzi, akakisogeza kidogo kidogo huku ametega sikio. Kikikaa vibaya, mlio ni mkavu na hufa upesi. Kikikaa panapostahili, uzi huvuma kwa muda mrefu, na ndani ya mvumo huo husikika noti za juu ambazo hakuna aliyezipiga.

Mwanafizikia C. V. Raman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1930 kwa utafiti wa mwanga, aliandika kuhusu ajabu hii mwaka 1921. Fizikia ya nyuzi inasema ukiupiga uzi katikati kabisa, hamoniki ya pili, moja ya noti hizo za juu, haitasikika, kwa kuwa hapo ndipo inapotulia. Kwenye tanpura inasikika! Daraja, kwa kule kuguswaguswa, huchukua nguvu ya mtikisiko wa chini na kuigawia mitikisiko ya juu.

Tanpura zinazosifika zaidi hutoka Miraj, mji wa jimbo la Maharashtra, kwa familia za mafundi ambao mababu zao walikuwa wanoa silaha. Mwaka 2024 sitar na tanpura za huko zilipata hati ya serikali ya India inayolinda jina la mahali zinapotengenezwa.

Siku hizi kuna visanduku vya umeme na programu za simu zinazotoa mvumo huo bila kuchoka, na kwa mazoezi ya nyumbani vinatosha kabisa. Nani atapanda treni kila siku na ala ya mita moja na nusu? Jukwaani bado wengi huja na tanpura halisi, mara nyingi mbili. Joto la taa hulegeza nyuzi, na mwimbaji husimamisha kila kitu ili asogeze shanga zilizovishwa kwenye nyuzi chini ya daraja. Wasikilizaji husubiri.